Mume Wetu Ndani ya Fremu

Machweo ya Kisumu yamepigwa picha hadi yamechoka. Nenda Dunga jioni yoyote anga likiwa safi, utawakuta watu wameelekeza simu magharibi kama waumini, kila mmoja akingoja jua liguse maji ili apate picha ileile aliyoipata mwenzake jana. Nilijiunga na kikundi cha wapiga picha wa mandhari nikidhani wao wana wazo lingine. Walikuwa na kamera kubwa zaidi. Wazo lilikuwa lilelile.

Tulitoka Jumamosi "kutafuta uzuri", kama alivyopenda kusema kiongozi wetu, kijana aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Utadhani uzuri ni ng'ombe aliyekata kamba. Siku moja alitulaza sote kifudifudi kwenye tope la ufukweni, eti picha ikipigwa kutoka chini inaonyesha ukuu wa maumbile. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki hapo karibu alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mmepoteza nini?"

"Tunapiga picha, Mama," kiongozi akajibu, kidevu kikiwa kwenye tope.

"Ya nani?"

"Ya ziwa."

Akalitazama ziwa, akatutazama sisi, akageuza samaki. "Na mtalipelekea lijione?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani na tope kifuani na swali ambalo chuo kikuu hakikuwahi kuniuliza. Maana kwetu kila picha ina mwenyewe. Kazi inayonilisha ni matanga. Mpiga picha wa Kisumu hali milima. Nimepiga wajane, wakwe, wajukuu, wanachama wa kila chama, na wale wanaume wenye suti ambao hakuna anayewajua lakini hawakosi kusimama karibu na jeneza. Wakati mmoja, mazishi yakiwa yameisha, nilipiga kilima kilichokuwa nyuma ya boma, mwanga umekilalia vizuri kabisa. Nikaiweka pamoja na picha nyingine. Binti wa marehemu akanirudishia. "Hii umekosea," alisema kwa upole. "Watu walikuwa wameshatoka."

Sasa nieleze kilichonipeleka Nyakach.

Dani ni mama mzazi wa baba yangu. Nyumba yake ilikuwa chini, upande wa ziwa: unaiacha lami pale Katito, unafuata barabara ya udongo mpaka udongo unapogeuka tope, na tope linapogeuka maji umefika. Miaka hii ziwa lilipoamua kupanda, lilianza na shamba la mtama. Likachukua kaburi la babu. Likachukua lango, kisha nyumba kubwa, chumba baada ya chumba, kama mgeni anayejikaribisha. Dani akahamia jikoni, kibanda kilichokuwa kwenye kinundu nyuma ya boma. Na sasa, mvua za masika zikiwa zinanukia, maji yalikuwa yamefika kizingitini. Hakuna aliyebisha kwamba msimu huo yangeingia. Dani alijua kuliko sisi sote. Alikuwa amekataa kuhama.

Baba yangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ana boma lake juu, kwenye mteremko wa kuelekea Nyabondo, mahali ambapo ziwa haliwezi kufika hata likijaribu kwa maombi. Ungedhani jambo hili ni rahisi. Lakini kwetu mama halali ndani ya lango la mwanawe. Baba husema haamini mila. Ametuambia hivyo tangu tukiwa watoto, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Nilipomwambia, "Basi Dani aje alale chumba changu," alinitazama kana kwamba nimependekeza tumle.

Kando ya boma la baba palikuwa na kipande cha shamba cha babu. Boma jipya lingeweza kufunguliwa hapo. Ila boma hufunguliwa na mume: yeye hutangulia na jogoo, mwana wa kwanza humfuata na shoka, mke huja nyuma na moto. Mume wa Dani alikuwa chini ya maji. Wazee wa ukoo wakakaa, wakanywa chai, wakapata suluhisho. Binamu mmoja wa babu, mzee mjane, angesimama mahali pake. Angemwongoza Dani kuingia, walale kwenye kibanda kipya usiku wa kwanza, kisha kila mtu ashike njia yake. Dani alipopelekewa habari hizo alifunga mlango wa jikoni. Nikatumwa mimi kumshawishi, kwa sababu nimesoma.

Nilibeba kamera. Kama ningeshindwa na nyanya, angalau ningerudi na mandhari.

Kutoka Katito nilipanda boda boda, nikamwomba dereva asimame mahali ambapo tambarare inafunguka mpaka ng'ambo, Kano yote imetandazwa na milima ya Nandi imesimama nyuma yake kama ukuta uliosahauliwa kupakwa rangi. Nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Sikumaliza hata kuweka lenzi. Wanaume watatu walitokea shambani, mmoja na panga, mmoja na redio, mmoja na hasira.

"Unapima?" aliuliza mwenye hasira.

"Napiga picha, Baba."

"Ya shamba?"

"Ya mandhari."

"Hiyo mandhari ni ya nani?"

Nikasema kwa moyo mweupe, "Ni ya kila mtu."

"Aa! Mmesikia?" Akawageukia wenzake. "Hivyo ndivyo wanasemanga kabla ya kuja na seng'enge."

Mwenye panga akauliza kampuni yangu inaitwaje. Mwenye redio akapunguza sauti ili asikose jibu. Nilieleza habari za mwanga, kivuli na umbali, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na dalali wa mashamba. Mtu gani mwenye akili timamu anatoka Kisumu kupiga picha ya ardhi ambayo hainunui? Kilichoniokoa ni kutaja kwa nani naenda.

"Wewe ni mjukuu wa yule mama anakaa ndani ya maji?"

"Ndiyo."

"Si ungesema! Mwambie atoke. Na hiyo kitu usielekeze kwangu, mahindi yangu mwaka huu ni ya aibu."

Nilimkuta Dani amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, miguu ndani ya maji, anachambua dagaa kwenye ungo juu ya mapaja.

"Nyieka!" akaita. Maana yake ni mke mwenzangu. Kwetu nyanya na mjukuu wa kike hutaniana hivyo: sisi ni wake wenza, na babu ni mume wetu. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimtishia kwamba nitamnyang'anya. Alikuwa akijibu, mchukue leo, ila uanze na soksi zake.

"Umekuja na bunduki gani hiyo?"

"Kamera, Dani."

"Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Na ukakubali. Wake wenza wa siku hizi!" Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa. Nami nikavua viatu, nikatia miguu majini kando ya miguu yake. Maji yalikuwa na uvuguvugu. Samaki mdogo alikuja kunionja kidole.

"Dani, maji yataingia ndani."

"Yameshaingia. Tunaamkiana."

"Yule mzee ni usiku mmoja tu."

"Anakoroma. Alilala hapa wakati wa matanga ya mume wetu, asubuhi ng'ombe wakakataa kutoa maziwa."

"Usiku mmoja, Dani!"

"Basi mchukue wewe. Nitakubebea moto."

Hapo hoja zangu zilikwisha. Chuoni nilifundishwa kwamba mila ni jambo lililojengwa na jamii, na kwamba kilichojengwa kinaweza kubomolewa. Jaribu kumwambia hivyo mwanamke anayeujua mkoromo wa mtu.

Aliokota changarawe moja kwenye dagaa, akaitupa ziwani. "Mimi niliingia hapa nyuma yake," alisema. "Nikienda huko juu peke yangu, nimemwacha majini. Nikienda na yule, nimemwacha mara mbili. Sasa wewe uliyesoma, niambie ni ipi nafuu."

Nikauliza kama picha ya babu ipo, ile iliyokuwa ukutani sebuleni. Aliingia ndani, akarudi na fremu iliyovimba. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka chini na kushuka kutoka juu. Uso ulikuwa umeliwa wote. Kilichobaki kilikuwa koti na kiatu kimoja. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipofariki, na picha nyingine hakuwahi kupiga.

"Huyu sasa ni koti," Dani alisema. "Siwezi kuongozwa na koti."

Asubuhi niliamka kabla yake nikatoka nje, na nikakasirika. Maana palikuwa pazuri. Mkuyu wa babu, ule uliokuwa katikati ya boma, ulisimama mkavu katikati ya maji, matawi meupe. Nguzo mbili za lango zilichomoza mbele yake bila lango. Magugu maji yalikuwa yamejaa palipokuwa sebule, yametoa maua ya zambarau, na yangeyange wawili walisimama kwa upole pale lilipokuwa kaburi. Hapakuwa na upepo. Kila kitu kilikuwa mara mbili, juu na chini, na mwanga ulikuwa ule ambao kiongozi wetu huuzungumzia akiwa amefumba macho.

Nilisimama nikajiuliza mahali hapo pamepata wapi haki ya kupendeza. Hayo maua ndiyo yanayofunga njia za mashua. Huo weupe wa matawi ni mavi ya ndege, wale mnandi. Hiki ni kitu kilichoivunja familia yangu, na bado kinajua kujipanga mbele ya kamera. Nilipiga picha moja baada ya nyingine, nikiwa na hasira ya mtu anayecheka kwenye mazishi.

Dani alipotoka nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akakisogeza, akakirudisha. "Ni kidogo kama ukucha. Leta kubwa."

Kisumu nilichapisha moja, kubwa ya ukutani. Kikundi chetu kilikuwa kinaandaa maonyesho, na kiongozi alipoiona alishika kifua. "Safi kabisa. Maumbile ambayo hayajaguswa na binadamu."

"Hizo ni nguzo za lango letu," nikamwambia.

"Usijali. Zinafutika kwa kompyuta."

Niliiviringisha picha nikaenda kuitia kwenye fremu. Kwenye maonyesho wakaweka machweo.

Niliporudi Nyakach mvua ilikuwa imeanza. Maji yalikuwa ndani ya jikoni. Dani alikuwa ameinua kitanda kwa matofali na kuning'iniza unga darini, na akanipokea kutoka kitandani kama malkia aliyefika uhamishoni. Nikaiegemeza fremu kwenye ukuta, miguuni pake. Nilitarajia aulize watu wako wapi. Wote huuliza.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akacheka, akafunika mdomo.

"Huyu hapa," alisema.

"Nani?"

"Mume wetu. Si unamwona?"

Niliitazama picha niliyoipiga mwenyewe. Hapakuwa na mtu.

"Tawi hili alikuwa anatundika redio," kidole chake kikatembea juu ya kioo. "Mzizi huu, alikaa hapa kunyoa ndevu. Upande huu wa nyuma alikuwa anakojoa, kila asubuhi, anaangalia ziwa kama analidai. Nilimwambia, wewe, ziwa hili litakurudia. Na hapa, chini ya hawa ndege, ndipo kilipo kichwa chake." Akasogea karibu zaidi. "Amekaa vizuri. Hata hajapepesa macho."

Mvua iliongea na mabati. Dani akakunja leso yake, akaifunga kiunoni, jambo alifanyalo anapokuwa ameamua.

"Huyu ataniongoza," alisema.

Wazee walikutana kwa baba siku ileile, maana mvua haikutoa nafasi ya kuahirisha. Fremu iliwekwa juu ya kiti kana kwamba ni mjumbe. Dani alikaa nje ya lango la baba, chini ya mwavuli wa kanisa, na sisi wengine ndani ya lango, kwa hiyo kila neno lilibidi lipigiwe kelele.

"Mama," baba alianza, "hii ni picha ya mti."

"Na ile ya ukutani ni picha ya koti!"

Mzee mjane, aliyekuwa amenyoa na kuvaa shati jipya, alisimama. Sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyekwisha kuoga. "Shemeji, mti hauwezi kufungua boma."

"Na wewe ulifungua la mwisho lini?"

Watu walicheka hadi mzee mwenyewe akalazimika kutabasamu. Lakini hakuketi. Alisema hapajawahi kusikika mtu kuongozwa na picha, kwamba kesho watoto wataoana na kalenda, na wenzake wakatikisa vichwa. Niliona baba anakunja midomo. Anapokunja midomo hivyo, jambo limekufa.

Sijui nini kilinisimamisha. Mimi ndiye niliyezoea kuuliza kwa nini tunafuata mambo haya. Siku hiyo niliuliza lingine. Niliwauliza, mtu wetu akizama ziwani na mwili usionekane, tunazika nini?

Mzee mmoja akasema, "Yago." Ni tunda la mwegea, lile refu, zito, linaloning'inia kama mguu. Huzikwa badala ya mtu, huliliwa, huimbiwa, hupewa kaburi.

"Na mlishaona yago lenye sura ya mtu?" nikauliza. "Lenye koti?"

"Hapana."

"Basi kama tunda linaweza kulala kama mtu, kwa nini picha ya kaburi lake isiweze kutembea kama mtu?"

Baba alinitazama kwa hofu mpya, nadhani kwa kutambua kwamba karo ya chuo ilikuwa imezaa kitu na kitu chenyewe ni hiki. Wazee walinong'onezana. Chai ililetwa. Mwishowe wakasema sawa, kwa sharti moja: fremu haina miguu, na anayetangulia lazima awe mwanamume wa ukoo. Mzee mjane ataibeba.

"Abebe!" Dani akapiga kelele kutoka chini ya mwavuli. "Lakini asiseme kitu! Na akishaitundika, atoke!"

Kibanda cha mabati kilisimamishwa mchana, nyundo zikishindana na mvua. Jioni tukaingia. Mzee mjane alitangulia, fremu kifuani, jogoo amembana kwapani, shati jipya limemganda mwilini. Baba alifuata na shoka, akimwambia kila aliyemtazama kwamba ni la kuchongea nguzo. Dani alikuja nyuma yake na jiko lenye makaa. Nilikuwa nimetoa kamera chini ya koti la mvua.

"Weka hiyo kitu," Dani akasema bila kugeuka. "Wewe ni mke wa pili. Ingia kwenye mstari."

Nikaingia kwenye mstari.

Langoni, palipokuwa na vijiti viwili tu vilivyochomekwa, mzee aliteleza. Hakuanguka, ila jogoo alipiga mabawa, fremu ikazunguka, na mzee akaendelea kutembea. Juu kulikuwa chini na chini kulikuwa juu: mti ndani ya maji, mti hewani, nani angejua? Mimi niliyeipiga sikujua.

"Mgeuzeni!" Dani alilia. "Damu inamshukia kichwani!"

Akageuzwa. Tukaingia. Fremu ikatundikwa kwenye msumari mkabala na kitanda, jogoo akafungwa kwenye mguu wa meza, na mzee mjane akatoka kama alivyoamriwa, akaenda kukoroma kwa baba.

Asubuhi nilimpelekea Dani uji. Mvua ilikuwa imekata, na kutoka mlangoni pake ziwa lote lilionekana chini, kubwa, la fedha, limetulia kama kitu kisichowahi kumkosea mtu. Nilikuwa karibu kusema ni zuri. Nikabisha hodi badala yake.

Dani alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, anafunga vifungo vya shingoni. Ukutani, picha ilikuwa imegeuzwa. Nilichokiona kilikuwa ubao wa nyuma na kamba.

Nikaweka uji mezani. "Dani, imekukosea nini tena?"

"Haijanikosea." Akamaliza kifungo cha mwisho, akajinyoosha gauni, akanionyesha fremu kwa kidevu. "Nilikuwa nabadilisha nguo. Sasa mgeuze, anywe uji na sisi."